SOMO LA KIKUNDI: Kichanga Akiugua, Sisi Majirani Tufanye Nini?



Somo hili ni la kusomwa kwa sauti kikundini. Mmoja asome, wengine wasikilize, na msimame kila mtu anapotaka kuuliza. Linahusu jambo ambalo vikundi vyetu vya Kwale huligusa kwa nadra sana: nyumba imepata mtoto, na mtoto huyo ni mgonjwa mahututi. Nimeliandika nikifikiria kwanza jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, lakini najua vikundi vingi vya huku, kutoka Ng'ombeni mpaka Vanga, vina Waislamu na Wakristo ndani yake, na hiyo ni baraka. Kwa hivyo mengi humu ni ya wote. Yaliyo ya Kanisa peke yake nitasema ni ya Kanisa.

MATANGA TUNAYAWEZA

Mtu mzima akifa kijijini, hakuna wa kutufundisha kazi. Kabla jua halijazama viti vimeletwa, sufuria kubwa zimeazimwa, vijana wamepasua kuni, daftari la mchango limefunguliwa na mtu wa kuandika amekaa mezani. Kwenye hanga kila mtu anajua mahali pake.

Sasa chukua nyumba ya pili kutoka hapo. Mama amejifungua Jumanne. Alhamisi mtoto hanyonyi. Ijumaa amepelekwa Msambweni, yuko nasari, amewekewa mrija puani. Ni nani anajua? Pengine mavyaa yake na jirani mmoja. Jumapili kanisani mtu anauliza, "Mbona fulani simwoni?" na anajibiwa, "Si amezaa, yuko ndani." Basi yamekwisha.

Kunyamaza huku kuna sababu zake, wala si kwamba watu wetu wana roho mbaya. Ya kwanza ni arobaini. Mila yetu ya Pwani humweka mzazi ndani siku arobaini apumzike, aoshwe kwa maji moto, apikiwe. Ni mila nzuri na sitaki mtu aseme nimeipinga. Lakini pazia hilo hilo linalomkinga mama ndilo linaloficha taabu yake ikiingia. Ya pili ni hofu ya maneno, na hii nitairudia kwa sababu ndiyo inayoua. Ya tatu ni pesa: familia inaona haya kusema haina nauli, wakati ndiyo juzi tu walipeleka mbuzi sokoni kwa sababu ya uzazi huo huo. Na mtoto mchanga akifa mara nyingi huzikwa siku ile ile na watu wachache, bila matanga ya kuitwa matanga. Kwa hivyo kijiji hakihesabu. Tunadhani vichanga hawafi sana, kumbe hufa kimya kimya.

Uchunguzi wa idadi ya watu na afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Ukihesabu wote wanaokufa kabla ya kufika miaka mitano ni 41. Yaani nusu ya vifo vya watoto wadogo hutokea katika ule mwezi wa kwanza, ambao sisi tunasema "mama yuko ndani, tusimsumbue." Na Shirika la Afya Duniani linasema karibu robo tatu ya vifo vya vichanga hutokea katika wiki ya kwanza. Wiki moja! Kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi kitapata habari mtoto akiwa amepona au amezikwa.

DALILI AMBAZO HAZINGOJI ASUBUHI

Kila mwanakikundi, mwanamume kwa mwanamke, azijue dalili hizi hata kama hakusoma. Zifundisheni kwa kuulizana mpaka zikae kichwani.

Mtoto aliyekuwa akinyonya ameacha, au ananyonya kidogo na kuchoka. Anatapatapa, anakakamaa, mkono au mguu unaruka-ruka wenyewe. Amelegea, hashtuki, hajisogezi mpaka aguswe. Anapumua mbio: mhesabu akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa au simu, pumzi 60 au zaidi, hesabu tena, na ikiwa bado ni vile, ondokeni. Kifua kinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Mwili una joto kali (37.5 au zaidi kwa kipima joto), au ni baridi hata miguu na tumbo, chini ya 35.5. Baridi watu huidharau, na kwa kichanga ni hatari sawa na homa. Amekuwa manjano siku ile ile ya kwanza, au siku yoyote ukiona manjano imefika viganja na nyayo. Kitovu ni chekundu pembeni, kinanuka au kinatoa usaha. Anatapika kijani.

Dalili moja tu yatosha. Usingoje zifike mbili.

Hapa ndipo penye yale maneno. Mtoto akikakamaa, wazee wetu husema ni nyuni, ndege amempitia, na anayejua nyuni ni mganga, si daktari. Sitakaa hapa kubishana na mtu juu ya ndege. Nasema hivi: kukakamaa kwa kichanga huweza kutokana na maambukizo yaliyofika kwenye ubongo, au kupungukiwa na sukari mwilini, au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Yote matatu yana kazi yake hospitali, na kila saa inayopita ubongo unaumia. Anayetaka kwenda kwa mzee aende baadaye, mtoto akiwa ameshatundikiwa dawa. Na hili nawaambia pia ndugu zetu wa maombi. Ombeeni garini. Mungu anasikia hata kwenye matatu.

Neno la pili ni chirwa. Mtoto amezaliwa mdogo, kabla ya siku zake, au hakui, na ukumbini watu wananong'ona kwamba mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa. Mama anayesingiziwa chirwa hatamleta mtoto kliniki watu wamwone. Atamficha, na mtoto aliyezaliwa na kilo moja na nusu hawezi kufichwa akapona. Watoto huzaliwa kabla ya wakati kwa sababu nyingi: malaria kwa mama mjamzito, presha ya mimba, mapacha, maambukizo, na wakati mwingine hata daktari hajui sababu. Kikundi kikisikia neno hilo kwenye kisima au kwa fundi cherehani, wajibu wake wa kwanza kwa familia ile ni kulizima. Kabla ya sukari na sabuni, zimeni neno.

Na kitovu kisipakwe jivu, mate, kinyesi cha ng'ombe wala masizi. Kiachwe kikavu na safi, au kipakwe ile dawa ya klorheksidini mtakayopewa kituoni, basi.

NJIANI

Tuchukue mfano. Mama huyu si mtu fulani, tumwite Umazi, anakaa upande wa ndani ya Kinango, mahali ambapo matatu ya mwisho hupita saa kumi na moja jioni. Mtoto wake wa siku nne ameacha kunyonya saa mbili usiku. Mume ni mlinzi katika hoteli Diani na hurudi mwisho wa mwezi. Umazi ana shilingi 150.

Saa hiyo hakuna mkutano wa kikundi unaoweza kuitishwa. Kilichopo ni kile mlichopanga kabla. Kwanza, kuwe na mwenye boda boda au gari mliyekubaliana naye mapema, na bei imetajwa mapema, kwamba akiitwa usiku kwa mama au kichanga atatoka na atalipwa na kikundi kesho yake. Asianze kupatana bei na mama anayelia. Pili, mhamasishaji wa afya wa kijiji. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji hawa wamepewa mikoba ya vifaa kote nchini, na wa kwenu mnamjua kwa jina. Yeye ndiye wa kupiga simu zahanati na kuuliza kama ambulensi ya kaunti inapatikana. Tatu, kitabu cha mama na mtoto kiende na mtoto. Bila kile kitabu sista wa zamu anaanza kuuliza maswali upya.

Na mtoto asafiri vipi? Watu humfunga blanketi tatu wakampakata mbele ya pikipiki, upepo unampiga usoni, akifika ni baridi kama samaki. Njia bora ni kifua cha mama. Mtoto avuliwe abaki na nepi, kofia na soksi, awekwe wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa pembeni ili pua isizibwe, kisha mama afungwe leso imara juu yake na nguo juu ya leso. Joto la mama halizimiki umeme ukikatika. Mama akiwa hawezi, baba afanye, au shangazi, au mavyaa. Si ajabu wala si aibu.

Mtindo huu haukutoka kwa matajiri. Ulianza mwaka 1978 mjini Bogotá, Colombia, wakati daktari Edgar Rey alipoona mashine za kuwatia joto watoto hazitoshi na watoto wanalazwa wawili watatu pamoja wakiambukizana. Akawarudishia mama zao. Mwaka 2021 matokeo ya utafiti mkubwa yalitolewa kutoka hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu Tanzania: watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza wapate nafuu, walikufa pungufu kwa robo wakilinganishwa na wale waliongojeshwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaufanya kuwa pendekezo la dunia nzima. Katika mambo yote niliyoandika hapa, hili ndilo lenye faida kubwa kwa gharama ya leso moja.

MAMA KARUHUSIWA, MTOTO HAJARUHUSIWA

Hospitali kubwa ya rufaa ya kaunti yetu ni Msambweni. Wengine huanzia Kwale, Kinango au Lunga Lunga, na mtoto akizidi hupelekwa Mombasa, Coast General. Maana yake ni kuvuka feri ya Likoni au kuzunguka Dongo Kundu. Kwa aliyezaliwa Ukunda hilo ni jambo la kawaida. Kwa mama wa Ndavaya ambaye hajawahi kulala Mombasa, ni nchi nyingine.

Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba kumlaza kichanga ni kumlaza mama pia, lakini mama hana kitanda chake. Mtoto yuko nasari. Mama ameshatolewa kwenye wodi ya wazazi. Kila saa mbili au tatu, usiku na mchana, anahitajiwa anyonyeshe au akamue maziwa yatiwe kwenye mrija. Mwili wake una kidonda cha uzazi, pengine cha upasuaji. Anakaa kwenye benchi. Akikosa chakula maziwa yanapungua, na maziwa yakipungua mtoto anakosa dawa iliyo bora kuliko zote zilizomo mle ndani. Ukimpelekea mama huyu chupa ya uji na wali wa nazi kwa samaki, umemlisha mtoto. Nimewaona wengi wakija na ndizi mbili na biblia kubwa. Biblia nzuri, lakini mwalikeni mtu aje na sufuria.

Mtakatifu Yakobo katika waraka wake, sura ya pili, anamcheka kidogo mtu anayemwambia mwenye njaa aende salama akaote moto na kushiba, na huku hampi kitu. Someni wenyewe.

Nyumbani nako kumebaki watoto wengine, kuku, mbuzi, na mahindi yanayoliwa na nyani. Nani anateka maji? Nani anahakikisha yule wa darasa la pili ameenda shule? Baba akiwa ni wa kibarua, kila siku anayokaa hospitali ni siku isiyo na mshahara, na asipokaa anaitwa baba asiyejali. Hapa kikundi kina nguvu kuliko pesa. Palilieni shamba lile siku moja watu kumi, mtakuwa mmempa baba siku kumi za kukaa na mkewe.

Nawaomba mgawane kazi kwa majina, si kwa "tutasaidia." Injili ya Marko, sura ya pili, ina habari ya mtu aliyepooza aliyebebwa na watu wanne mpaka juu ya dari. Majina yao hayakuandikwa, lakini hesabu iliandikwa: wanne. Mkeka una pembe nne na kila pembe ilikuwa na mwenyewe. Mmoja angeachilia ili akaombe pembeni, mgonjwa angeanguka. Tena waliharibu paa la mtu, na sijasoma popote kwamba walilalamikiwa na Bwana.

Kwa hivyo pembe ya kwanza iwe chakula cha hospitali, na mtu wake. Pembe ya pili, nyumba na watoto. Pembe ya tatu, pesa na makaratasi. Pembe ya nne ni mtu mmoja wa habari, ndiye pekee anayempigia mama simu, kisha anawaeleza wengine. Bila huyu, mama atapokea simu ishirini kwa siku, kila moja inaanza, "Vipi mtoto?" na kila moja lazima aanze kulia upya.

KUTEMBELEA WODINI

Msiende kumi na tano. Nasari haipokei wageni, na si ukali wa masista. Watoto wale hawana kinga. Waende wawili, waoshe mikono kwa sabuni, mwenye mafua abaki nyumbani. Mkae na mama nje. Mkimkuta amelala, mwacheni alale, muache chakula kwa jirani yake.

Na midomo yetu jamani. Msiseme, "Mungu anajua kwa nini." Msiseme, "Utapata mwingine." Msimuulize alikula nini akiwa mjamzito. Msimsimulie mtoto wa binamu yenu aliyekufa na ugonjwa huo huo. Sema, "Pole. Nimekuletea chai. Nitakaa kidogo." Kunyamaza pamoja naye kunatosha.

Juu ya sala: kwenye benchi moja mna Mkatoliki, Mwislamu na mtu wa Redeemed, kila mmoja ana mtoto mle ndani. Salini polepole, kwa sauti ya watu wawili. Mama Mwislamu aliye kando yenu naye mpeni uji. Mfungo ukiwa umeingia, ujueni, mleteni futari.

Sasa jambo la Kanisa. Wazazi Wakatoliki wakiona mtoto wao yuko katika hatari ya kufa, abatizwe bila kukawia. Hakuna haja ya kungoja padre, wasimamizi wala nguo nyeupe. Katika hatari hiyo mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lile Kanisa linalofanya anaweza kubatiza: anammiminia mtoto maji kichwani huku akitamka jina lake na kumbatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Matone machache ya maji safi yanatosha, na mwombe sista ruhusa kwanza kwa sababu ya mashine na mirija. Baadaye parokia iarifiwe, iandikwe kitabuni. Nazungumzia mtoto ambaye wazazi wake wameomba. Nimesikia habari za mtu kupita nasari na chupa ya maji ya baraka akiwagusa watoto wa watu. Hilo lisifanyike. Litatuletea ugomvi na majirani ambao tumeishi nao vizuri miaka yote, na wazazi wana haki juu ya mtoto wao.

MFUKO WA DHARURA

Wazee wa Diani na Msambweni watakumbuka pampu za mkono. Mwaka 1983 mradi wa kujaribu pampu za visima ulianza huku Pwani Kusini, na shirika la KWAHO likaingia vijijini kuunda kamati za maji. Pampu ya Afridev ilijaribiwa hapa kwetu, na akina mama wakafundishwa kuifungua na kuitengeneza wenyewe. Lakini la maana kwa somo letu ni hili: kamati zile zilichanga pesa na kuziweka kabla pampu haijaharibika. Mahali ambapo watu walingoja iharibike ndipo wachange, walirudi kwenye maji ya bwawa.

Mfuko wa kichanga ni vivyo hivyo. Kikundi cha watu 25, kila mtu shilingi 20 kwa wiki, ni shilingi 500. Wiki kumi, 5,000. Pesa hii isichanganywe na ya merigoraundi, kwa sababu ile ina mwenyewe kila mwezi na itazua maneno. Iwe na daftari lake. Sehemu kubwa ikae benki au kwenye laini ya simu ya kikundi, na shilingi elfu mbili au tatu ziwe mkononi mwa mtu anayekaa karibu na barabara, kwa maana usiku wakala wa M-Pesa amefunga na mwenye boda anataka mafuta.

Je, ni mkopo au ni msaada? Vikundi vimegawanyika hapa. Mimi nasema nauli ya kichanga isiwe mkopo. Mama akijua atadaiwa, atangoja asubuhi aone kama mtoto ataanza kunyonya. Yale makubwa, kama bili, kikundi kiamue kulingana na uwezo wake. Na haki iwe kwa kila mwanakikundi na kila nyumba ya jirani, awe amelipa michango au hajalipa. Mtoto hana daftari.

Kuhusu bili, jueni mabadiliko. Uzazi wa bure ulianza Juni 2013 na baadaye ukaingia NHIF kwa jina la Linda Mama. NHIF haipo tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi hiyo ni ya SHA. Asiye na ajira rasmi hupimwa uwezo wake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ambao kwa mwaka ni 3,600. Wengi wamejiandikisha lakini hawajalipa, wakidhani kujiandikisha kunatosha. Basi kila mama mjamzito katika kikundi aulizwe mapema, mwezi wa nne au wa tano wa mimba: umejiandikisha, umelipa, mume yumo? Yule mwenye pembe ya makaratasi ndiyo kazi yake. Mtoto akizaliwa achukue karatasi ya taarifa ya kuzaliwa mapema, ili mtoto aandikishwe chini ya wazazi wake.

Na ikiwa bili imebaki na hakuna kitu, mwambieni baba asitoroke. Aende kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali siku za mwanzo, si siku ya kutoka, aeleze hali, aombe kupunguziwa au kusamehewa. Barua ya chifu au ya jumuiya husaidia. Kujulisha mapema kuna heshima.

MTOTO ASIPOPONA UPESI, AU ASIPOPONA

Wapo watoto wanaozaliwa na mgongo wazi, au kichwa kinachojaa maji, au mdomo uliopasuka, au moyo wenye tundu. Hawa si wa wiki moja. Matibabu yapo: kwa mgongo na kichwa, hospitali za Kijabe zina madaktari wa watoto waliobobea, na mdomo hushonwa ukafungika vizuri. Kinachokosekana ni mtu wa kuandamana na mama kwenye safari ya tatu na ya nne, wakati harambee imeshafanyika mara moja na watu wamechoka. Hapo ndipo jumuiya hujulikana. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973 na kuamua Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, walitaka watu wachache wanaojuana kwa sura, na mmoja akikosekana wengine waone. Kanisa la watu 600 siku ya Jumapili haliwezi kujua kwamba Umazi hana nauli ya kliniki ya Alhamisi. Nyumba kumi na mbili zinajua.

Na mtoto akifa, azikwe kwa jina lake, kama alipewa. Mtajeni kwa jina hilo. Baba na mama wasiharakishwe; mama akitaka kumshika, amshike. Maziwa yatamjia siku ya tatu na ya nne na yatamuuma; mwanamke mmoja mzima wa umri akae naye, ampe leso yenye maji baridi, amfunge kifua bila kumkaza. Asipewe kazi ya kuchota maji ati kwa sababu "hana mtoto sasa." Arobaini yake ibaki ile ile. Kikundi kiende siku ya saba, kiende mwezi ukitimia, kiende mwezi wa tatu. Baba naye atafutwe na wanaume wenzake, jioni, kwenye kahawa. Mara nyingi hakuna anayempa pole yeye.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Katika kijiji chetu, ni vichanga wangapi wamekufa miaka miwili iliyopita? Kila mtu ataje anaowajua, mwandishi ahesabu. Ngojeni hesabu kabla ya kuendelea.

Mwenye mimba katika nyumba zetu ni nani, na siku zake ni lini? Amelipa SHA?

Tukisikia neno "chirwa" au "nyuni" likitajwa juu ya mama mgonjwa, ni nani kati yetu anayesikilizwa na wazee, ambaye anaweza kwenda kuzungumza nao kwa heshima?

Tuna nani kwa kila pembe ya mkeka? Andikeni majina manne, na mengine manne ya akiba, kwa sababu wa kwanza huenda akawa ndiye aliyezaa.

Mwenye boda boda tuliyekubaliana naye, namba yake imeandikwa wapi? Je, imeandikwa kubwa ukutani, mahali ambapo mama anaweza kuisoma kwa mwanga wa koroboi saa nane za usiku?